Siku nzima ya kupimwa, halafu kimya

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo nitoe la moyoni. Majuzi niliitwa na kampuni moja kubwa, jina nalihifadhi, kwenye ile siku ya usaili wa wahitimu, ile mnashinda hapo kutwa mnapimwa. Asubuhi mtihani wa hesabu na mantiki kwenye kompyuta, maswali yanakimbizana na saa inahesabu kurudi nyuma pale juu ya skrini, ukija kushtuka muda umekwisha na wewe bado unasoma jedwali. Halafu tukawekwa 6 mezani tupange bajeti ya mradi wa kubuni, dakika 40, wasimamizi wako pembeni kimya wanaandika tu. Jamaa mmoja akanyakua kalamu za ubao akajigeuza mwenyekiti, dada wa pembeni yangu kila akifungua mdomo anakatwa. Nikasema jamani tumsikilize na huyu, kumbe yeye ndo alikuwa ameona hesabu zetu hazijumliki! Sasa sijui hapo niliandikiwa maksi au laa. Hata chakula cha mchana unakula kwa adabu za ukweni, maana hujui nani anakutazama.

Sina kinyongo na vipimo, afadhali hivyo kuliko usaili wa dakika 10 anaoshinda mwenye mdomo. Ila wiki 3 sasa hata meseji hakuna. Yale makaratasi waliyokuwa wanajaza si yapo? Watutumie basi hata mistari miwili, kwamba ulianguka hapa na hapa, nikiitwa kwingine nijue pa kurekebisha.

Mhitimu anayesubiri simu