Warumi gani waliojenga Brixworth?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwasumbua, hata pale mlipotuchapishia utabiri wa hali ya hewa wa wiki iliyokwisha pita. Ile makala ya kutembelea Uingereza, hapana, imenishinda. Eti kanisa la Watakatifu Wote, katika kijiji cha Brixworth, mkoa wa Northamptonshire, "lilijengwa na Warumi". Warumi gani? Utawala wao kule ulikoma mwanzoni mwa karne ya 5. Kanisa hilo wataalamu wanaliweka mwishoni mwa karne ya 8 au mwanzoni mwa ya 9.

Shemeji yangu alikuja kutoka Tanga, nikampeleka kuliona. Mama mmoja mtu mzima anayejitolea pale akatueleza kwa upole kwamba cha Kirumi ni matofali tu: Wasaksoni, watu waliotawala kule baada ya Warumi, waliyaokota kwenye magofu, mengine kutoka upande wa Leicester, kama kilomita 40 hivi. Shemeji akatoa simu, akafungua gazeti lenu, akasema, "Mwambie mama wa watu hapa amepotoka." Nikatafsiri huku natazama sakafu. Na ushahidi ulikuwa juu ya vichwa vyetu! Fundi wa Kirumi akijenga tao, kila tofali hulielekeza kwenye kitovu. Ya Brixworth yamelala upogo, kazi ya mtu aliyewahi kuona tao lakini hakufunzwa kulijenga. Halafu mwandishi anausifia "ukuta wa duara wa kale" nyuma ya madhabahu, kumbe sehemu kubwa yake ni ya miaka ya 1860, kasisi alipobomoa jengo la Zama za Kati ili arudishe umbo la Kisaksoni. Mlango wa Wanormani, watawala waliotoka Ufaransa baada ya Wasaksoni, hakuuona. Ile ncha ndefu ya mnara, ya karne ya 14, nayo hakuiona.

Angeionaje, wakati picha yenyewe ni ya Earls Barton? Mnara bapa juu, wenye michirizi ya mawe ukutani: hicho ni kijiji kingine kabisa cha Northamptonshire. Lakini ndiyo tabia yenu, picha mnaokota tu intaneti. Hata habari za misiba mnaziwekea picha za mazishi ya watu wengine.

Mpeni mwandishi huyo matofali 30, chokaa, na fundi mwashi wa kumsimamia. Ajenge tao moja la upana wa mlango. Likisimama mpaka Ijumaa, aandike tena kuhusu Warumi.

Msomaji wenu,
Northampton, Uingereza