Asante dada wa kwenye basi la Kibaigwa

Dada yangu jina sikuuliza, ulikaa siti ya nyuma yetu ukaona mwanangu wa miaka 3 analia kila nikimwinamisha kichwa, shingo imekakamaa kabisa, mi nikajua malaria tu maana huku kila homa tunaita malaria. Ukasema mama hii sio ya kusubiri, tukashuka Nane Nane bajaji ukalipa wewe mpaka hospitali. Walimtoa maji ya uti wa mgongo, yanatakiwa yawe safi kama ya kunywa, yake yalikuwa na ukungu kama yaliyooshea mchele. Homa ya uti wa mgongo, ile ya bakteria. Akachomwa seftriaksoni, dawa ya kuua bakteria, kwenye mshipa siku 10. Ugonjwa huu unaachaga watoto wengine viziwi, ila wangu nikimwita anageuka. Mungu akuzidishie dada, nauli yako ninayo bado.