Kuchua si kupapasa

Ndugu Mhariri,

Mwezi uliopita nilikwenda kuangalia chumba cha biashara hapa Sinza. Mzee mwenye nyumba alinipokea vizuri, tukapatana hadi kodi ya miezi sita. Kalamu ikiwa mkononi akaniuliza nitauza nini. Nikamwambia nachua misuli. Kalamu ikarudi mfukoni. "Binti yangu, humu naishi na wajukuu."

Simlaumu sana. Mjini kuna nyumba ambazo taulo na mafuta ni geresha tu, na sote tunazijua. Lakini Kiswahili kilishazitenganisha kazi hizi kitambo: kuna kukanda, kuna kuchua, na kuna kupapasa. Mchua misuli wa timu ya mpira hukaa benchi moja na kocha na daktari, na akiingia uwanjani mbio na kopo lake hakuna anayemcheka. Mzazi hukandwa na bibi yake na nyumba nzima inashukuru (ingawa yale maji ya moto kupita kiasi yameunguza wengi, hilo lina barua yake). Lakini mchuaji huyohuyo akikodi chumba na kutundika kibao, anageuka mhuni.

Wengi hudhani kazi yetu ni nguvu za mikono. Mimi kabla sijamgusa mtu namhoji kwanza: una presha? Sukari? Unatumia dawa za kuyeyusha damu? Una mimba? Uliwahi kuvunjika? Siku moja alikuja kaka mmoja aliyeshuka basi la kutoka Mwanza. Shavu la mguu wa kushoto limevimba, lina moto, wa kulia mzima kabisa. Akataka niuchue kwa nguvu, eti ni uchovu wa safari. Nilimrudishia hela yake, nikamwambia aende hospitali siku hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba hivyo baada ya kukaa muda mrefu, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Ukiuchua, bonge linaweza kung'oka likapanda hadi kwenye mapafu, na hapo linaweza kuua. Aliondoka amenuna.

Na vinyozi wetu nao, wale wanaokunja shingo ya mteja hadi ilie "ka!" Shingoni mnapita mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Ukiizungusha shingo kwa ghafla mshipa unaweza kuchanika, na mtu aliyekuja kunyoa akapata kiharusi. Hawana ubaya, hawakufundishwa tu.

Aibu hii ya wachuaji kudhaniwa wahuni si ya Dar peke yake. Mwaka 1894 jijini London magazeti na madaktari walipiga kelele kwamba nyumba za masaji zimekuwa madanguro. Wauguzi wanne wanawake wakaunda chama chao mwaka huohuo. Wakaweka mtihani. Wakakatazana kumchua mtu bila maelekezo ya daktari, kujitangaza kwenye magazeti ya kawaida, hata kuwauzia wagonjwa dawa. Masharti mengine yalikuwa makali mno kwa macho ya leo, lakini mwaka 1920 chama kilipewa hati ya kifalme, na ndicho hichohicho cha wataalamu wa tiba ya viungo wa Uingereza hadi sasa.

Wachuaji wenzangu tunaweza kuanza hivyo: chama, mtihani wa kweli, na orodha ya majina ambayo mteja au mwenye nyumba anaweza kuiangalia. Anayekwenda kinyume afutwe na jina lake lisomwe.

Kwako Mhariri nina ombi moja. Polisi wakivamia danguro, andikeni danguro. Kichwa cha habari kikisema "wanaswa kwenye masaji", wiki hiyo simu yangu hupigwa na wanaume wanaouliza bei kwa sauti ya chini.

Chumba bado natafuta. Kwa sasa nawafuata wateja majumbani kwao, begi la taulo mgongoni, juu ya bodaboda.

Mchua misuli,
Sinza, Dar es Salaam