Chokaa ya babu yako

Mwanangu Mwanaisha,

Barua yako imefika. Wasema mwalimu aliwapa maji ya chokaa myapulize kwa mrija, yakageuka meupe kama tui, nawe umekariri jibu lakini hujui weupe ule umetoka wapi. Swali hilo limenifurahisha kuliko alama zote ulizowahi kuniletea.

Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa mchoma chokaa. Akipanga magogo, juu yake vipande vya matumbawe, kisha moto usiku kucha. Matumbawe karibu yote ni kalsiamu kaboneti, CaCO₃. Joto likifika kama nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe huachana: CaO, yaani chokaa isiyozimwa, hubaki, na CO₂, gesi ya kaboni dioksidi, hupaa na moshi. Asubuhi nilikuwa nikiliokota, nikiona lilivyo jepesi, nikidhani moto umelila. Shika kalamu uhesabu uzito wa atomi: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 kila moja. Jumla 100. Kwa hiyo katika gramu 100 za jiwe, 56 za CaO (40 na 16) zimebaki na 44 za CO₂ zimeruka hewani. Hakuna kilicholiwa. Ndiyo maana mwalimu wako hapokei mlinganyo usiosawazishwa, ambao atomi za upande mmoja hazilingani na za upande wa pili.

Halafu babu akiizima chokaa hiyo kwa maji, nayo ikitokota kama chungu, na chini hakuna kuni hata moja! Joto lile latoka kwenye mmenyuko wenyewe: CaO + H₂O → Ca(OH)₂, ndiyo chokaa iliyozimwa. Niligusa siku moja, kidole kikababuka. Ukiikuta maabara usiiguse wala usiiinamie, tafadhali mwanangu. Ikiingia jichoni yaweza kupofusha.

Sasa njoo kwenye pumzi yako. Maji ya chokaa ni hiyo Ca(OH)₂ iliyoyeyuka. Pumzi ina CO₂. Vikikutana, CaCO₃ huzaliwa upya, chembe ndogo zisizoyeyuka, ndizo tui lako. Ukuta wa nyumba yetu hapa Kibokoni, Mombasa, ulishika vivyo hivyo, chokaa ikivuta CO₂ ya hewani polepole mpaka ikarudi kuwa jiwe. Na Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, ni matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa ya namna hiyo hiyo.

Mwombe mwalimu akuruhusu upulize tena, kwa muda mrefu zaidi. Weupe utatoweka. Usikimbilie kitabu; niandikie kwanza unavyofikiri wewe. Ukikwama, kumbuka maji yetu ya kisima na ule ukoko mweupe ndani ya birika la mamako.

Akusalimu sana.

Babako