Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa waongoza matembezi wote

Assalaam alaykum wanachama wenzangu wa Unguja na Pemba. Mahesabu atayasoma mweka hazina, miye nataka tuzungumzie kazi yenyewe.

Kubwa la mwaka huu ni maji ya bahari, kujaa na kupwa kwake. Mwenzetu mmoja alipeleka wageni mwambani upande wa Jambiani siku ya bamvua, yale maji yanayokupwa mbali na kujaa sana, picha nyingi, mashamba ya mwani, huku maji yanajaa na mama mmoja mtu mzima kashachoka, wakarudi maji ya kiuno. Alhamdulillah wote salama. Lakini jamani, maji hayaji kwa mbele tu, yanaingia kwanza kwenye vile vijimkondo baina yako na pwani, wewe unaona umesimama pakavu kumbe nyuma njia ishazama. Kwa hiyo saa ya kugeuka ipangwe kabla hamjatoka pwani na wageni waambiwe, saa tano tunageuka hata kama hatujafika. Ukingoja kuamua hukohuko utaona haya kumkatalia mtu aliyekulipa. Na jedwali la maji liangalieni kila siku, maji yanachelewa kama dakika 50 kila siku, ya juzi si ya leo.

La pili ni mwendo. Mwendo wa kundi ni wa yule wa mwisho, basi. Naona tunasimama kumngojea, akifika tu "haya twende", wa mbele wameshapumzika yeye hata pumzi hajavuta! Mpeni dakika zake, na nyuma awepo mwenzetu wa kufunga msafara. Mgeni aliyekuwa anauliza kila mti halafu kanyamaza ghafla, huyo jua limempata, mtieni kivulini anywe maji kabla hajaanguka.

Kwenye misitu ya Jozani, Unguja, na Ngezi, Pemba, sheria semeni getini. Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, wakishaonekana hakuna anayekusikiliza, kila mtu kashanyoosha mkono na simu.

Mwakani nataka kila mwanachama apite mafunzo ya huduma ya kwanza, wa Pemba tutawafata hukohuko Pemba, si haki wao kila mara kupanda boti. Pesa yake inatoka kwenye ada, kwa hiyo ambao hamjalipa nawaomba sana mlipe kabla ya Ramadhani, na majina ya wanaotaka kufundisha wenzao nipeni mapema.