Mwanangu, usilale chini ya gari kwa kuitegemea jeki

Mwanangu kipenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete hatujambo, alhamdulillahi. Presha ya mama yako imetulia, na masika yameanza kupungua. Ninakuandikia badala ya kukupigia simu kwa sababu kwenye simu huniitikia "ndiyo, baba" kabla sijamaliza maneno, na jambo hili nataka ulisome lote, kisha karatasi hii uiweke ndani ya gari.

Kaka yako amenitumia picha aliyoipiga hapo kwenu Tomondo. Ninaiona miguu yako imetokeza chini ya gari, gurudumu la mbele la kushoto limeondolewa, na kinacholizuia gari lisikuangukie ni ile jeki ndogo iliyokuja nalo, tena imesimamishwa juu ya mchanga mtupu. Yeye aliituma kwa kukusifu, na mama yako amefurahi akawaonyesha majirani. Mimi tangu niione sijapata usingizi wa kutosha. Gari hilo lina uzito wa takriban tani moja. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa kuchungulia tu, hata kwa kuokota spana iliyodondoka.

Nakueleza sababu, maana wewe ni mwalimu na hukubali neno lisilo na sababu. Jeki ni kama mchukuzi wa bandarini: kazi yake ni kunyanyua na kutua, si kusimama na mzigo kichwani mchana kutwa. Ile ya skrubu uliyonayo ina kitako chembamba, kwa hiyo gari likisogea mbele au nyuma kidogo tu, jeki hulala ubavu. Jeki ya mafuta nayo, ambayo ami yako anataka kukuazima, huzuiwa na sili ya mpira iliyo ndani. Sili ikichakaa, mafuta hurudi yalikotoka na gari hushuka, mara nyingine polepole na mara nyingine kwa ghafla. Na wewe unapokuwa chini hukai kimya, bali unaivuta spana kwa nguvu zako zote kufungua nati iliyoshikana kwa kutu, na kila unapovuta, gari linayumba. Ndiyo maana nati za gurudumu hulegezwa kwanza gurudumu likiwa bado limekanyaga chini, ndipo gari linyanyuliwe.

Sikukatazi kulitengeneza gari lako, na usiseme kwamba nimekukataza. Kutoka mjini hadi Makunduchi, kwenye skuli utakayoanza kufundisha, na kurudi ni zaidi ya kilomita 100 kwa siku. Ukienda skuli siku tano za wiki, kila baada ya wiki kumi hivi utakuwa umetimiza kilomita 5,000 na oili itataka kumwagwa. Mshahara wako haumudu kulipa fundi kila mara, nami najua sehemu ya mshahara huo inakuja huku kwa ada ya wadogo zako. Tena mkono unao. Uligundua kwamba ule mlio wa nyuma ulikuwa wa beringi ya gurudumu, wakati fundi alikwisha kukuandikia shokapu mbili mpya, na kwa hilo nimekusifu kwa kila aliyenisikiliza hapa barazani. Lakini umenunua redio na makava ya viti, na stendi za kuliegemeza gari hukununua. Hilo sikulipenda.

Basi sikiliza taratibu yake. Egesha mahali palipo tambarare na pagumu. Kama hapana ila mchanga, tandika ubao mnene na mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi. Gari lako huvutwa na magurudumu ya mbele, na hapo ndipo wengi hukosea: gia ya P, ile ya kuegeshea, hufunga magurudumu ya mbele tu, na breki ya mkono hufunga ya nyuma tu. Ukinyanyua mbele, P haikusaidii kitu, na kinachobaki ni breki ya mkono. Ukinyanyua nyuma, breki ya mkono ndiyo isiyofaa. Kwa hiyo weka vyote viwili, kisha magurudumu yaliyobaki chini uyatie kabari za mbao mbele na nyuma. Nyanyua, weka stendi, teremsha gari mpaka likae juu ya stendi, halafu lisukume kwa bega ukiwa nje. Likitikisika, anza upya. Na gurudumu ulilolivua lilaze chini ya ukingo wa gari, ili hata likianguka likute kitu kabla ya kukukuta wewe.

Gari la kisiwani lina jambo lake jengine. Kule chini ya milango kuna sehemu zilizotiwa nguvu kwa ajili ya jeki, moja nyuma kidogo ya gurudumu la mbele na moja mbele kidogo ya gurudumu la nyuma. Kwa hewa hii ya chumvi, bati la hapo huoza kwa ndani huku rangi ya nje ikiwa bado inang'aa. Ligonge kwa mpini wa bisibisi kabla ya kuweka jeki. Likitoa sauti nzito ni zima, likibonyea au likimwaga ungaunga wa kutu, jeki italitoboa. Utakapoanza kwenda Makunduchi, wenzako watakualika pwani, na gari litakanyaga mchanga wa bahari. Lioshe chini kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, usilaze. Ukilitunza chini, hizo paipu nyembamba za breki zinazopita huko nazo zitasalimika.

Na tofali usitumie. Tofali la saruji halipindi wala halilii kabla ya kuvunjika. Hupasuka mara moja. Najua mlipokuwa wadogo mlikuwa mkiliona gari la abiria limekalia matofali hapa uani, na hapana mtu mzima aliyewaambia kwamba haifai. Yale yasiwe hoja yako.

Kuhusu breki nitasema machache. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na yakishaingia maji huchemka mapema breki zikipata moto, pedeli ikazama. Yabadilishe kila miaka miwili, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko chake. Ukibadilisha pedi, kanyaga pedeli mara kadhaa mpaka iwe ngumu kabla gari halijaondoka hapo lilipo, kwani pistoni umezirudisha nyuma na kanyagio la kwanza litakuwa tupu. Kazi ya kutoa upepo kwenye paipu za breki ni ya watu wawili, kwa hiyo mwite kaka yako, aweke simu chini. Ukiona paipu imevimba kutu, hapo mwachie fundi.

Mama yako amejua kwamba karai lake ulilolichukua Idi iliyopita ndilo unalomwagia oili, na hataki tena lirudi jikoni kwake. Nunua lako. Oili chafu usiimwage uani: sehemu kubwa ya Unguja imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na kinachomwagwa juu hufika haraka kwenye maji ya kisima. Itie kwenye galoni, uipeleke gereji. Wala usiizoee mikononi, kwa kuwa oili iliyotumika ina sumu inayodhuru ngozi kwa muda mrefu, vaa glavu.

Nimekununulia stendi mbili za tani tatu hapa hapa Wete, na fedha usinirudishie, kwani paa la jikoni lililokuwa likivuja limekwisha kuzibwa na sina deni. Nimezitia ndani ya gunia pamoja na kabari nne alizonichongea seremala, na juu yake mama yako ameweka mkono wa ndizi na karafuu kidogo za shemeji yako. Zitaondoka Jumamosi kwa meli ya Mkoani. Umtume mtu mapema bandarini, gunia ni zito na limeandikwa jina lako kwa wino mwekundu.

Mpaka zifike, lile gurudumu la kushoto lirudishe, kaza nati kwa kukingamana na si kwa mzunguko, na uliache gari lisimame chini kwa miguu yake. Kama kuna kazi iliyobaki huko chini, ingoje. Kwenda skuli panda daladala wiki hii. Siku utakayoanza tena, nipigie picha kabla hujalala chini, si baada yake, nami nizione stendi zote mbili, kabari zote nne na gurudumu lililolazwa. Nitakujibu hapo hapo. Simu nitaiweka karibu.

Wasalaam,
Baba yako, Wete