Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025: Mapafu Yetu Baada ya Kumaliza Dozi

Ndugu wanachama, wajumbe wa kamati tendaji, na wauguzi wa kliniki mlioitikia mwaliko wetu, poleni na safari, hasa mliotoka Chunya na Kyela.

Mambo ya fedha atayasoma mweka hazina, na orodha ya wanachama wapya anayo katibu. Mimi nitazungumzia jambo moja ambalo halikukosekana kwenye vikao vya kamati mwaka huu: hali zetu baada ya kumaliza dawa za TB.

Kila mmoja hapa anaikumbuka siku alipoambiwa amepona. Makohozi safi, vidonge vimekwisha, ndugu wanafurahi. Mwenzetu mmoja, mama anayeuza ndizi Mwanjelwa, alifika siku hiyo akashukuru Mungu. Miezi haikupita mingi akawa hawezi kubeba mkungu kutoka kwenye gari hadi mezani kwake bila kukaa chini apumzike. Kila asubuhi anakohoa makohozi mazito, na kifua kinapiga filimbi. Kituo cha kwanza alichokwenda kilimpa dawa ya pumu. Cha pili kilipiga eksirei, kikaona doa, kikamwambia TB imerudi na kumwanzishia vidonge upya, makohozi hayajapimwa. Nyumbani wakamtengea tena kikombe na sahani. Kamati ilipomsindikiza kwa daktari bingwa ndipo ikajulikana kwamba hana bakteria hata mmoja. Lile doa ni kovu.

Hayuko peke yake, na sasa tuna ushahidi wa kitaalamu mkononi. Watafiti wa Blantyre nchini Malawi waliwafuatilia watu wazima 405 waliotibiwa TB ya mapafu, wakachapisha matokeo mwaka 2020. Wagonjwa walipomaliza dawa, 6 kati ya 10 walikuwa bado na dalili za kifua. Waliopuliza mashine ya kupima pumzi, theluthi moja matokeo yao hayakuwa ya kawaida. Picha za CT zilionyesha kwamba asilimia 44 wana njia za hewa zilizotanuka na kulegea, hali inayofanya makohozi yatuame ndani na kuleta maambukizi mara kwa mara. Watu hawa kwenye daftari la kliniki wameandikwa wamepona, na kwa upande wa bakteria ni kweli. Kinachoniuma ni kwamba daftari linafungwa hapo. Hapa Mbeya kwetu, kituo cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kimekuwa kikishirikiana na wenzao wa Msumbiji, Afrika Kusini na Gambia katika utafiti wa TB Sequel, unaowafuatilia wagonjwa kwa muda mrefu kutazama madhara haya haya.

Mtu asije akatoka hapa akasema mwenyekiti kasema dawa hazisaidii. Kinachochana mapafu ni ugonjwa wenyewe, na kadiri tiba inavyochelewa ndivyo ugonjwa unavyoharibu zaidi. Tena TB huweza kurudi kweli, kwa hiyo ukianza upya homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Ukifika, sema mapema kwamba uliwahi kuugua na taja mwaka. Mashine ya GeneXpert hutafuta chembe za vinasaba vya bakteria, na inaweza kuziona hata za bakteria waliokwisha kufa. Daktari asiyejua historia yako anaweza kupotoka, akadhani TB imerudi.

Je, kuna la kufanya kwa mapafu yaliyokwisha kuumia? Lipo, na limejaribiwa kwa jirani. Kampala, hospitali ya Mulago, watafiti wa Makerere waliwaweka waliopona TB kwenye mazoezi ya wiki sita, mara mbili kwa wiki, kwa vifaa vya bei nafuu. Lilikuwa kundi dogo lisilo na kundi la kulinganisha nalo, lakini walimaliza wakitembea mbali zaidi kuliko walivyoanza. Sisi tuliyaanza Juni, baridi ikiwa kali, chini ya mtaalamu wa viungo aliyejitolea. Mtu anavuta hewa taratibu kwa pua, kisha anaitoa midomo ikiwa imebanwa kama anayepuliza moto wa mkaa, akihesabu hadi nne. Halafu kupanda na kushuka kidato kimoja, na kunyanyua chupa za maji. Mama yetu wa Mwanjelwa sasa ndiye anayewahi kufika.

Wanachama wachimbaji wa Chunya nawaomba mnisikilize kwa makini. Vumbi la mwamba lina silika, na silika ikikaa kwenye mapafu haitoki. Hakuna dawa ya kuiondoa, na aliyeathirika nayo hupata TB kwa urahisi zaidi. Mwagieni maji mnapochoronga na mnaposaga. Kitambaa cha kujifunga puani hakizuii vumbi lile jembamba.

Kuna habari za kutia moyo pia. Tangu Desemba 2022, Shirika la Afya Duniani linapendekeza TB sugu, ile isiyosikia dawa za kawaida, itibiwe kwa miezi sita kwa vidonge vitupu. Wazee wetu waliochomwa sindano miezi na miezi hadi masikio yakaziba wanajua uzito wa habari hiyo. Nako Jharkhand, India, utafiti wa RATIONS uliochapishwa mwaka 2023 uliwapa watu wanaoishi na wagonjwa mchele, mbaazi na vidonge vya virutubisho kila mwezi, na wapya walioambukizwa hadi kuugua wakapungua kwa asilimia 39. Chanjo mpya ya TB iitwayo M72/AS01E iko kwenye majaribio ya mwisho, Kenya, Malawi na Zambia zikiwamo. Majibu yake tuyasubiri.

Kwa hayo, kamati inaleta maombi mawili. La kwanza, fungu la sherehe za mwaka lihamishiwe kwenye unga na maharage kwa kaya zenye mgonjwa aliye kwenye dozi, kwa sababu naona hakuna shilingi yetu itakayofanya kazi kubwa kuliko hiyo. La pili, tuwaandikie wakuu wa afya wa mkoa, kwa jina la chama, tukiomba kila anayemaliza dawa apulizishwe kipimo cha pumzi na apangiwe tarehe ya kurudi kuangaliwa. Dawa za TB tunapewa bure na tunashukuru. Kipimo hicho wengi wetu tumekilipia mfukoni, na wasio na uwezo wamekikosa.

Rasimu ya barua iko mezani kwa katibu, isomeni kabla ya kupiga kura. Naomba kutoa hoja.